Kalisti Alipopewa Kituo cha Maksai

Hebu mwone kwanza anavyofika. Lori la Halfani limesimama njia panda ya Kizwite, injini bado inatetemeka, na huko nyuma, katikati ya magunia ya ulezi, anashuka mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la sufu lililopauka mabegani. Mkononi ana sanduku la bati. Vumbi limempaka nyusi hata ungedhani ni mzee, kumbe hajafika arobaini. Ni mwezi wa sita, upepo wa Ufipa unakata masikio, lakini mtu huyu hakimbilii penye jua. Anasimama, anamshukuru utingo, anazunguka mbele kumshukuru dereva, ndipo anauliza njia ya kituo cha maksai.

"Si kile pale," Halfani akamwonyesha kwa kidevu. "Wewe ndiye mkuu mpya?"

"Nimeambiwa hivyo."

"Basi mbona umepanda nyuma na magunia? Ungesema nikuweke mbele."

"Mbele alikuwapo mama na mtoto mchanga."

Halfani akacheka, akatia gia. Kwao ni watu wa duka na malori pale mjini, na wakuu wa kila aina alishawabeba. Baadaye aliniambia alijua siku ile ile kwamba huyu hatadumu. Nilimkasirikia kwa kusema hivyo, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, kwa kuwa hakukosea.

Mkuu huyo mpya jina lake Kalisti. Kabla ya hapo alikuwa akifundisha watu kulima kwa plau huko vijijini, akitembea na jozi yake moja ya maksai kutoka kitongoji hadi kitongoji. Sasa alipewa kituo kizima. Mwaka wenyewe ni sabini na sita, watu wameshahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na ninyi mliozaliwa baadaye mnahitaji nieleze kidogo hapo, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini ng'ombe wawili wanaweza kumtia mtu uchungu.

Mfipa alikuwa na shamba lake la zamani, udongo alioulisha majani miaka na miaka, akiyafukia kwenye matuta yale ya mviringo mpaka ardhi ikawa laini. Ulipohama, matuta uliyaacha. Kijijini ulipewa eneo jipya, pori la majani ambalo mizizi yake imeshikana chini kama mkeka. Jembe la mkono linadunda. Penye wanaume wanne au watano, sawa, watapasua. Lakini mjane je? Mjane alihitaji maksai, na maksai walihitaji kufundishwa kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Ndiyo kazi ya kile kituo. Wanakijiji walileta ng'ombe wao wachanga wakati wa kiangazi, wakawaacha wafundishwe, wakarudi kuwachukua mvua zinapokaribia.

Mmoja wao ni Dominika. Mjane, ana mabinti watatu nyumbani na mama mkwe asiyeona. Alileta madume wawili, mweusi na mweupe, mweusi akiitwa Sukari na mweupe akiitwa Chumvi. Watu wakimwuliza kwa nini, alijibu, "Dukani vimekwisha. Nimeona angalau nyumbani kwangu visikosekane."

Nirudi kwa Kalisti. Siku yake ya kwanza wafanyakazi walimsubiri wamejipanga mbele ya banda, kwa sababu mkuu aliyemtangulia alikuwa mtu wa filimbi. Filimbi ikilia, mstari. Ikilia tena, kazini. Kalisti akaweka sanduku chini, akaenda kwa mzee Flavian, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari na mkubwa kwa umri. Akachuchumaa, akapiga makofi ya taratibu kama tunavyosalimia watu wazima huku, akasema shikamoo. Halafu akaenda kwa wa pili. Akasalimia mstari mzima namna hiyo, kila mtu kwa heshima ya umri wake, na mstari ukavunjika wenyewe, kwa sababu huwezi kusimama wima kama mlingoti huku mtu amechuchumaa mbele yako.

Wakakaa kwenye jua. Flavian, ambaye ulimi wake haukuwa na kizuizi, akamwuliza, "Haya, mkuu. Wa kwanza alituletea kiti cha kuzunguka. Aliyemfuata akaja na filimbi. Wewe umetuletea nini?"

"Njaa," Kalisti akajibu. "Tangu jana sijala."

Walicheka sana. Ugali wa ulezi ukaletwa na maharage, wakala sinia moja. Kalisti alipomaliza akanawa, akasema jambo ambalo Flavian alinisimulia mara nyingi hata nikalijua kwa moyo. Alisema, "Kuna mambo hapa yanakwenda vizuri na mimi siyajui. Naomba mnionyeshe hayo kwanza nisije nikayaharibu. Yaliyoharibika mtaniambia baadaye, mkinizoea."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi. Wengi wao siku ya kwanza hueleza watakachobadilisha. Huyu aliuliza asichopaswa kugusa. Akaenda nao kazini, akavuta kamba, akazoa samadi, akabeba nira, wala hakutoa amri hata moja isipokuwa kwamba maji ya ng'ombe yatiwe kabla ya chai ya watu.

Hawakungoja wamzoee. Kesho yake tu Flavian alimpeleka zizini, akamwonyesha jeraha ubavuni mwa ng'ombe mmoja.

"Tazama, mkuu. Hawa wanapigana pembe usiku kucha, na wakifungwa nira kila mmoja anavuta kwake. Unajua kwa nini?"

"Niambie."

"Walipangwa kwa rangi na kimo. Mkuu aliyepita alitaka wapendeze barabarani. Weusi na weusi, wekundu na wekundu. Sasa ng'ombe wa Dominika hawa, Sukari na Chumvi, wamekua zizi moja, wamenyonya msimu mmoja, wanalala wameegemeana. Mmoja amezoea kulia, mwingine kushoto. Ukiwatenganisha unakuwa umefunga wageni wawili shingo kwa shingo. Ng'ombe naye ana mtu wake."

Kila mfuga maksai wa huku analijua hilo. Jozi haichaguliwi na macho ya mpita njia, huchaguliwa na ng'ombe wenyewe tangu wakiwa ndama, na upande hauhamishwi. Kalisti mwenyewe alikuwa akilijua. Lakini angalia alivyofanya: hakujifanya mwalimu, alimwacha mzee amweleze mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Tukiwarudisha kama walivyokuja, wewe utasimamia?"

"Nitasimamia."

Wakawarudisha. Zizi likatulia. Sukari na Chumvi wakaanza kuvuta gogo kwenye majani laini, bila plau, maana ng'ombe wa mwaka wa kwanza huanzia kwenye gogo mpaka shingo ikomae. Dominika alipopita kuwaona alisimama kwenye uzio, akawaita majina, wote wawili wakageuza vichwa pamoja na gogo lao. Akamwambia Kalisti, "Mwanangu, mwaka huu nitalima." Basi shika neno hilo, maana ndilo lililochezewa.

Sasa anaingia Marselino.

Marselino alikuwa ndiye msimamizi wa vituo vya namna hiyo, na mwaka ule alipewa pia kuandaa maonyesho ya Saba Saba. Sitaki mseme ni mgeni asiyejua ng'ombe. Amezaliwa uwanda huu huu, baba yake alikuwa na zizi kubwa, na yeye mwenyewe alichunga mpaka alipopelekwa shule ya misheni. Angekuwa hajui, ningemsamehe. Alikuja kwa gari, amevaa kaunda suti ya kijivu, akamkuta Kalisti amechuchumaa anamsalimia mzee mmoja aliyeleta ng'ombe.

"Ndugu Kalisti, mkuu wa kituo hachuchumai," akamwambia.

"Karibu, ndugu Marselino. Huyu ni mkubwa wangu kwa umri."

"Ukichuchumaa leo, kesho watakukalia." Akaingia zizini, akatazama jozi, uso ukakunjamana. "Hii nini? Mweusi na mweupe, mrefu na mfupi. Jozi gani hizi, kama soksi za kuokota? Saba Saba mgeni wetu rasmi anakuja. Nataka jozi zinazofanana, zipite mbele ya jukwaa, halafu zilime pale pale uwanjani watu waone."

Kalisti hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba ng'ombe hawa bado wanavuta gogo. Kwamba mwezi wa saba uwanja ni mgumu kama sakafu, plau itagonga, shingo zitachubuka. Kwamba wakitenganishwa tena wataumizana. Akasema wapo maksai wawili wazee wa kituo, wenye shingo za kazi, hao wanaweza kupita jukwaani na hata kulima kipande kilichomwagiwa maji.

"Maksai wawili?" Marselino akasema. "Mgeni asafiri njia yote ile aje aone maksai wawili wazee?"

"Wanajua kazi."

"Mimi nataka safu."

Akaitisha mkutano hapo hapo. Wafanyakazi wote wakaja. Kalisti akasimama mbele yao akasema, "Ndugu zangu, mliniambia ninyi wenyewe. Mwambieni ndugu Marselino kama mlivyoniambia."

Kimya.

Sijui kama mmewahi kusikia kimya cha namna ile. Watu wale walikuwa wamekula naye sinia moja. Walikuwa wamemsifu kila kilabu cha pombe pale Kizwite, kwamba safari hii tumepata mtu. Mmoja alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu chake kwa kijiti. Flavian alitazama milima. Kulikuwa na hofu, najua, na hofu ya siku zile haikuwa ya bure: mtu akiitwa mpinga maendeleo, jina lilimfuata. Flavian alikuwa na watoto sita. Nayajua yote hayo. Lakini hasira haiishi kwa kujua.

Marselino akatabasamu. "Unaona, ndugu Kalisti? Kituo hakina tatizo. Tatizo ni moja tu, na ndilo limesimama mbele."

"Mimi sitawafunga," Kalisti akasema.

"Sijakuomba wewe." Akageuka. "Mzee Flavian, utawafunga?"

Flavian akasema, "Nitawafunga, ndugu."

Siku ya Saba Saba Kalisti aliwasindikiza ng'ombe kwa miguu mpaka uwanjani. Watu walimwambia abaki, asionekane ameshiriki. Akasema ng'ombe wameletwa kwa jina la kituo na mkuu wa kituo ni yeye. Sukari alikuwa amefungwa na dume jeusi la mtu mwingine, kubwa kumpita nusu, tena amewekwa kushoto, yeye aliyezoea kulia. Chumvi aliachwa zizini kwa sababu hakukuwa na mweupe mwenzake, na njia nzima walimsikia akilia nyuma yao.

Mbele ya jukwaa walipita vizuri. Nami nilikuwapo, nilipiga makofi kama wengine, ilipendeza. Halafu plau ikashushwa. Ikagonga ardhi, ikaruka. Flavian akaikandamiza, ikaingia kina cha kidole, ikakwama. Lile dume kubwa likavuta kwa nguvu, Sukari akaelekea upande wake wa zamani, nira ikageuka, na wote wakaanguka, kubwa juu ya dogo. Lilipoinuka, Sukari hakuinuka. Bega lilikuwa limetoka.

Bendi ikaambiwa ipige. Ng'ombe akaburutwa nyuma ya mabanda.

Jioni wageni walikula nyama. Mnaelewa ninachosema? Ng'ombe wa mjane, aliyeletwa afundishwe kulima, alichinjwa akapikwa kwenye masufuria ya sherehe, na watu waliokaa jukwaani wakasifu kwamba nyama ya Ufipa ni laini. Dominika alikuja na kamba mkononi kuuliza habari za ng'ombe wake. Marselino alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwambia, "Mama, huo ni mchango wako kwa taifa. Tunakushukuru."

Dominika akamwuliza, "Na wewe, baba, umechanga yupi?"



Ungetegemea basi kwamba aliyeamuru ndiye ataulizwa. Kikao kilikaa, na neno lililotoka ni hili: mkuu mpya wa kituo alivuruga jozi zilizokuwa zimepangwa vizuri na mtangulizi wake, wanyama wakachanganyikiwa. Lile jema la kwanza alilofanya, lile aliloliuliza kwanza na kulifanya kwa mkono wa wenye kazi, ndilo lililogeuzwa kosa lake. Kabla maandazi ya Saba Saba hayajachacha Kalisti alikuwa amepelekwa Kabwe, ziwani, kusimamia banda la kukaushia samaki. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa nyuma ya ng'ombe. Aliondoka kwa lori lile lile la Halfani, na safari hii Halfani alimfungulia mlango wa mbele bila kuulizwa. Kwenye mteremko wa ziwa Halfani akamwambia, "Ungepuliza filimbi tu, bwana, ungekuwa bado uko pale."

"Ng'ombe je?"

"Ng'ombe wangeumia vile vile."

Kalisti aliniambia kwamba neno hilo lilimchoma kuliko kikao.

Mvua zikaja. Chumvi akarudishwa kwa Dominika. Kila alipofungwa nira na mwenzi wa kuazima alilala chini, kimya, kama mtu aliyekataa kula. Wakampiga, akalala. Wakambembeleza, akalala. Basi Dominika na mabinti wakashika majembe, wakaanza kupasua lile pori la mizizi, na kufikia wakati ambao jirani zao wameshapanda mahindi wao walikuwa hawajatoka kwenye kona ya shamba. Asubuhi moja Flavian akafika, amebeba jembe lake begani. Akasimama pembeni.

"Mama, mimi ndiye niliyemfunga."

"Najua," Dominika akasema, hakuinua mgongo. "Anzia pale kwenye kichuguu."

Akalima naye siku hiyo na nyingine nyingi. Watu wengine wanasema alilipa. Mimi sisemi hivyo. Kulima kwake kulikuwa vizuri, lakini kulikuwa na siku moja iliyohitaji mdomo wake, na siku hiyo mdomo alikuwa nao, mdomo uleule uliomtania mkuu mbele ya watu wote. Wala simwachi nyuma Marselino. Yeye mwaka uliofuata alipandishwa, akahamia mkoa mwingine, na huko nako nasikia alipanga safu.

Mwaka huo huo kituo kikatafutiwa mkuu. Akapatikana kijana aitwaye Urbano, ametoka chuoni karibuni, mtulivu, mwenye macho ya kusikiliza. Kabla ya kuanza kazi alifanya jambo lililonipa moyo na kunitia huzuni kwa pamoja: alipanda gari mpaka Kabwe kumtafuta Kalisti. Alimkuta bandani, amekunja suruali, anageuza migebuka kwenye vichanja, moshi umemjaa machoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa hapo, jihadhari na magamba. Umekula?"

"Nimekula. Mzee, wamenipa kituo cha maksai. Naanza Jumatatu. Wazee wa pale wenyewe wameniambia nije kwako. Wamesema hawajapata mkuu aliyeanza vizuri kama wewe."

Kalisti akageuza samaki. "Wamesema hivyo?"

"Mzee Flavian ndiye aliyesema. Ameniambia nikuulize nianzeje."

"Na alikuambia nilivyomaliza?"

"Hapana. Alianza, halafu akanyamaza."

Kalisti aliniambia kwamba hapo aliweka koleo chini. Jibu moja alikuwa nalo tayari: wasalimie, kula nao, waulize wanachokijua, usiguse usichokielewa. Ni jibu la kweli, na kituo kilitulia kwa ajili yake. Lakini alijua pia kwamba kwa jibu hilo kijana huyu atasimama siku moja mbele ya mstari wa watu wanaotazama milima, peke yake, na nyuma yake kuna zizi la ng'ombe wa wajane. Na jibu la pili alikuwa nalo vile vile, lile la Halfani, filimbi na safu, nalo humlinda mkuu wala halimlindi mwingine yeyote.

Moshi ukageuka na upepo, ukawafunika wote wawili.

Haya, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, Jumatatu iko karibu na kijana amekaa pale kwenye gogo. Mwambie: aanzeje?